Masikio ya Ng'ombe wa Kigwa

Duka la baba pale Chemchem, mjini, lilinuka samli. Ilifika kwa treni kutoka Kigwa, ndani ya debe lililozibwa kwa kitambaa, mama akaichemsha upya uani, na harufu yake ikaingia kwenye kanga za kuuza, kwenye madaftari yangu, mpaka kwenye nywele. Darasani waliniita Samli. Sikuona vibaya. Baba alikuwa na duka moja tu, lakini moyo wake ulikuwa Kigwa, kwa ng'ombe wake sitini na kitu waliochungwa na Maganga. Wanne kati yao walikuwa wa mama, aliowarithi kwa baba yake, na hakuacha kulitaja hilo kila debe lilipofika.

Baba na Maganga walikuwa watani. Baba akishuka kwenye treni na kanzu yake nyeupe, Maganga alimpokea kwa matusi: "Mtu wa mjini, vaa gauni kabisa, ng'ombe wakujue." Baba naye humjibu, "Na wewe oga siku moja, tujue nani ng'ombe nani mchungaji." Kisha wanakula sahani moja. Kwa watani kama hao, kuandikiana karatasi au kuita shahidi kungekuwa tusi la kweli. Mali zao zilitenganishwa na masikio tu. Ng'ombe wa baba walichanwa ncha ya sikio la kushoto, ikawa na pacha kama mkia wa mbayuwayu. Wa Maganga walikatwa ncha hiyohiyo yote, sikio likabaki butu. Kigwa nzima ilizijua alama hizo.

Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya, na kwenye mikutano wanyonyaji ndio waliosemwa. Mwenye duka mjini na ng'ombe shamba alikuwa mnyonyaji mara mbili. Ikavuma kwamba ng'ombe wa watu wa namna hiyo wataingizwa kwenye zizi la kijiji. Baba alikonda. Halafu siku moja shule ikiwa imefungwa akanichukua kwenda Kigwa, bila kumwambia mama sababu.

Walifanya kazi ile asubuhi, wao wawili tu. Maganga alimbana ng'ombe, baba akashika kisu, mimi nikashika kibuyu cha majivu ya kupaka kidonda. Pacha ya baba ilianguka chini, sikio likabaki butu. Mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe wa mama nao. Nilipowatambua nikasema, "Baba, huyu wa mama." Akanijibu bila kuniangalia, "Wote ni wa Maganga sasa, mpaka upepo upite." Maganga akacheka. "Usiogope, mwanangu. Baba yako huyu nitamrudishia, hata na kanzu yake." Majivu yalinishika vidole kwa damu, na kwenye treni baba aliniambia nisimwambie mtu.

Zizi la Maganga halikuguswa, kwa kuwa alikuwa mkulima wa jembe la mkono, mtu wa kijiji hasa. Upepo ukapita. Debe la samli lilikuja mara mbili, kisha halikuja. Baba alipokwenda kuuliza akaambiwa ng'ombe hawana maziwa. Alipokwenda tena akaambiwa aende kwa mwenyekiti wa kijiji, na safari hiyo nilikuwa naye.

Mwenyekiti aliuliza swali moja: "Ng'ombe wa Kigwa tunawajua kwa masikio. Hawa masikio yao ni ya nani?" Maganga alitazama ardhi. "Ni yangu," akasema. "Huyu ni mtani wangu, hununua samli kwangu." Baba angefanya nini? Akisema ukweli, anakiri mbele ya kijiji kwamba aliificha mali yake serikali isiione, na duka nalo linakwenda. Mimi nikasimama. "Mimi nilikuwepo, nilishika majivu." Baba akanivuta nikakaa. "Msamehe, Mwenyekiti. Mtoto hajui anachosema."

Mama alipoambiwa hakulia. Aliuliza, "Na wangu wanne, ulimwomba nani?" Baba akaenda kufungua duka. Tangu siku hiyo nimemwona mama akinunua samli ya watu kwa kijiko.

Leo nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu na ninapanga foleni ya maziwa ya kopo, nikikosa anakunywa uji mtupu. Wanaosifu miaka ile kwamba watu walikuwa na umoja, waje waniulize mimi. Mwezi uliopita Maganga alikufa. Baba alivaa kanzu, akapanda treni, akaenda kumzika, na aliporudi akasema wanawe wamegawana ng'ombe vizuri bila ugomvi. Alisema hivyo kama mtu anayesifu hali ya hewa. Nikamwambia, "Baba, twende kwa wale vijana, nitasema nilichokiona." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. "Useme kwa nani, mwanangu? Wale ng'ombe tuliowakata masikio wameshakufa. Hawa ni wajukuu zao, wamekatwa na Maganga mwenyewe." Nikamfunga mtoto mgongoni nikarudi kwenye foleni. Maziwa yalikuwa yameisha.