Mifuko Iliyofukizwa Udi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Chake Chake, Bwana Miamba alinipa sepetu na onyo: mtu asivute sigara karibu na shimo. Jina hilo tulimpa sisi. Kazi yake ilikuwa kusoma mawe na udongo, yangu kumchimbia. Nyinyi vijana mwadhani kuchimba ni nguvu. Wapi! Kuchimba ni adabu.

Tulipomaliza mashimo ya Gando, huko huko Pemba, akahamishiwa bara, kwenye mlima wenye barafu, akanichukua. Alitaka kujua barafu ile iliteremka lini hapo kale. Barafu ikishuka husukuma mawe, na mawe hufukia vichaka vilivyo njiani. Sasa, kila chenye uhai hubeba kaboni ya hewani. Kikifa, sehemu ya kaboni hiyo hupungua polepole. Kijiti kilichofukiwa hupelekwa maabara Ulaya, hupimwa kilichobaki, ikajulikana kichaka kilikufa lini. Ndizo zama barafu ilipofika.

Kwa kazi hiyo ilitakiwa mifuko safi ya kitambaa. Aliishona mke wangu, Bi Zuwena, nyumbani Tibirinzi; ndoa yetu ilikuwa bado mbichi. Akaifua, akaianika, kisha akaifanyia kama zinavyofanyiwa Pemba nguo za msafiri apendwaye: akaitandaza juu ya chetezo, akaifukiza udi hadi ikakolea. Mimi sikuwapo. Aliifunga furushi, akanambia nende salama.

Kule mlimani baridi ilikuwa ya kukata maneno. Tulichimba chini ya mawe tukachoka, hatupati kitu, mpaka kikatokea kijiti kimoja cheusi, cha pekee. Bwana Miamba akafungua furushi, na harufu ya chumbani kwangu ikatupiga usoni. Nikajua kazi imeota mbawa.

"Moshi wa mti wa juzi, wenye kaboni mpya, ukikigusa hiki," alisema, "kitu cha kale kitaonekana kijana. Nani kafanya haya?"

"Mke wangu, bwana. Kanitakia safari njema."

Aliinusa mifuko tena. Kisha akatwaa chupa yake ya jamu, na jamu akiipenda yule, akaimwaga yote. Tukaichemsha chupa, tukaikausha, kijiti kikatiwa humo.

"Mifuko tia nguo zako," akanambia. "Mimi hakuna aliyewahi kunifukizia kitu."

Kijiti kilifika, na majibu yakaja. Nilifanya kazi chini yake, na chini ya mabwana wengine, hata nikastaafu. Zuwena nilipomsimulia alitaka kulia. Nikamwambia mlima mzima nimelala na mifuko ile kichwani, akacheka.

Sasa ametangulia, Mungu amrehemu. Namkumbuka sana, sifichi. Kila Ijumaa binti yetu hunifukizia kanzu kwa chetezo kile kile. Nikiivaa, mgongo huu uliopinda hunyooka, na nageuka mlangoni nimuage mke wangu. Bwana Miamba hakukosea kuhusu moshi ule.