Acha Bwawa Lilale

Ukoga wa bwawa ukikuingia chini ya kucha, harufu yake haitoki kwa sabuni. Ni harufu ya tope, ya majani yaliyooza, na ya samaki kwa mbali. Kila asubuhi nikizoa magugu kwenye bwawa langu dogo hapa Alunguli, ng'ambo hii ya mto, mkabala na mji wa Kindu, inanirudisha mwaka ule wa vita ambao ningependa, wallahi, uniache. Ninyi ndio wa kwanza kuwaambia.

Bwawa la kwanza lilikuwa la baba, nyuma ya nyumba, dogo hata mbuzi angelizunguka kabla hujamaliza kumtukana. Kulisafisha ilikuwa kazi yangu. Nilitumbukia hadi kiunoni na kitunga, nikizoa vijani vidogo vinavyoelea na ule utando wa kijani unaoteleza kama mlenda. Baba alisema maji lazima yawe na macho, yaani yaone jua, la sivyo samaki hukosa pumzi alfajiri. Nilikuwa na miaka tisa, na sifa za baba zilinilevya.

Kisha treni ikanyamaza, chumvi ikaadimika, na baba akasukuma baiskeli iliyopakiwa mafuta ya mawese kwenda kutafuta chumvi upande wa Punia. Njia ikafungwa nyuma yake. Tukabaki mama, mimi, na mdogo wangu Shabani, mwenye miaka miwili, miguu imemvimba, nywele zimegeuka nyekundu. Muuguzi alisema dawa yake ni samaki tu.

Ndipo mama akanikataza. "Mutoto wangu, acha bwawa ilale," aliniambia. "Usiiguse tena."

Hakueleza sababu, kwani mtoto wa miaka tisa ni redio. Magugu yakafunga maji yote, mbu wakaneemeka. Watu wa bunduki walipita uani mara mbili, wakachukua kuku, wakachukua sufuria, bwawa wakalitemea mate. Wakishaondoka, mama alipenyeza kitunga chini ya majani akatoa samaki mmoja wa Shabani. Mimi niliona uvivu tu. Niliona mama amemsahau baba.

Asubuhi moja nikakuta samaki wawili wanaelea, matumbo juu. Si ndiyo yale aliyosema baba? Mama alipokwenda kuchimba mihogo, nikaingia. Nilizoa mpaka jua likafika chini na migongo ya samaki ikaonekana, mingi. Nikajivuna, mjinga mimi. Nilijiambia baba akirudi leo atakuta maji yana macho.

Waliokuja ni wale wa bunduki. Walikata ukingo kwa jembe letu wenyewe, maji yakamwagika uani, wakajaza magunia. Hata wale wadogo kama kidole waliwachukua.

Mama aliporudi alisimama kwenye tope. Halafu akanishika mikono, akanisugua kucha kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka damu ikatoka. Nililia. Nilijua ndiyo adhabu yangu, nikashangaa kwamba ni hiyo tu.

Shabani hakuufikia msimu wa karanga.

Baba alirudi baada ya mazishi. Aliuliza ni nani aliyesafisha bwawa. Mama alikuwa anasonga bugali, hakugeuka.

"Njo miye niliisafisha," akasema. "Nilichoka na mbu."

Baba hakumpiga. Alimpa jina: Bibi Usafi. Alimwita hivyo miaka yote, hata mbele ya wageni, na mama aliitika. Tulimzika mwaka jana. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha, na niliposhika vidole vyake ndipo nilipoyaelewa yale majivu. Alikuwa ananifutia ushahidi kabla jirani yeyote hajaona.

Leo asubuhi baba, mzee sasa, aliomba awekewe kiti karibu na bwawa langu. Akayatazama maji.

"Usisafishe sana," akasema. "Mama yako aliniulia mutoto sababu ya usafi."

Kucha zangu zilikuwa kijani. Nikaificha mikono nyuma ya mgongo, nikaenda jikoni kutafuta majivu.