Kina Kilichopungua Ghafla

Adventina, muuguzi katika mtaa wa Picha ya Ndege, hakuwa mwoga wa maji. Alikulia Bukoba, na kila Jumamosi alipakia kayaki yake, mtumbwi mwembamba wa plastiki, kwenye bajaji ya mizigo, akaenda kuvua perege katika bwawa moja upande wa kijiji cha Janga. Mbele ya kiti alikuwa amefunga kifaa chenye kioo kidogo kinachoonyesha samaki, kina cha maji na, kwa GPS, mahali alipo.

Asubuhi moja alirudi pale alipokuwa ameweka alama kwenye kifaa hicho wiki iliyotangulia. Kioo kiliandika mita mbili, kama wiki ile. Akatupa ndoano. Alipotazama tena, kiliandika mita moja, kisha nusu mita. Lakini kayaki haikuwa imesogea. Bado ilikuwa juu ya alama ileile.

Kama yeye hakusogea, basi kilichosogea kilikuwa chini yake.

"Kiboko," alinong'ona.

Alitaka kupiga kafi akimbie, mikono ikagoma, na pengine hilo ndilo lililomwokoa. Upepo ukamsukuma taratibu kuelekea kwenye matete. Mapovu yakapanda, kisha kichwa kikubwa kikaibuka palepale alipokuwa, kikapumua kwa kishindo.

Ukingoni alimkuta Bi Zena, mkulima wa pale bwawani, akimwagilia mchicha wake.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba. Huyo kahamia juzi na mtoto wake. Mbona hukuuliza, mwanangu?"

Adventina akaketi matopeni. Siku hizi humpigia Bi Zena simu kwanza, na hata akihakikishiwa usalama, haondoi macho kwenye zile namba za kina kiooni.