Vanila Ndani ya Hotpoti

Mimi ni mpika keki. Nimepika keki za harusi, za kipaimara na za kuzaliwa hapa mtaani Igogo, kando ya ziwa, kwa muda mrefu, mpaka baadhi ya watoto niliowapikia sasa wananiagizia keki za watoto wao. Na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mvuta sigara.

Nilivuta nikiwa nyuma ya jiko, kwenye uchochoro kati ya ukuta wetu na jiwe kubwa, mahali ambapo mtu apitaye njiani hawezi kukuona. Kwetu mwanamke anayevuta hutazamwa vibaya, na mimi, juu ya hayo, nilikuwa mwanakwaya. Mume wangu, ambaye hajawahi kuonja sigara hata moja, hakunigombeza. Alichofanya ni kuzihamishia keki zilizokwisha kupambwa chumbani kwetu na kufunga mlango, kila aliponiona naelekea uchochoroni. Hilo liliniuma kuliko ugomvi.

Siku moja nilipeleka keki ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, kazi niliyoihangaikia kweli, yenye maua ya sukari pande zote. Mama wa bibi harusi akainama kuinusa. Alipoinuka aliniuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie, "Dada, kwako kuna mtu anavuta?"

"Ni mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaipokea keki, akanishukuru. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua hata viatu. Nilijua mikono yangu ni mizuri, na nilijua pia kwamba moshi wangu ulikuwa unakaa mezani kabla ya kazi yangu.

Nilijaribu kuacha kwa nguvu zangu tu, nikashindwa. Nikajaribu tena, nikashindwa vibaya zaidi. Ndipo mdogo wangu, fundi wa injini za boti ziendazo visiwani, akaniletea sigara ya umeme, zile ambazo vijana wanaziita vepu. Hiyo ndiyo iliyomtoa yeye mwenyewe kwenye sigara.

"Dada, hii si dawa," aliniambia, "na usije ukadhani ni hewa safi. Lakini haina moshi wala majivu, na unaweza kupunguza nikotini kidogo kidogo mpaka uimalize."

Nikaijaribu. Kifaa chenyewe hakikunisumbua, kilichonishinda ni maji yake, yale yanayogeuka mvuke ukivuta. Yale ya dukani yalikuwa na ladha ya bigijii iliyotafunwa na mtu mwingine. Koo liliniwasha, na kila nilipoivuta niliitamani sigara zaidi. Nikamwambia mdogo wangu kwamba mtu anayeonja krimu na aisingi kila siku hawezi kuvumilia uchafu huo. Akacheka. "Basi pika yako," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Alisema kwa utani, mimi nikalichukua neno lile kama lilivyo. Alipoona sitanii alinieleza kuwa sehemu kubwa ya maji yale ni glisirini, kitu ambacho mimi nilikuwa nacho kabatini siku zote, maana aisingi isiyokauka mapema huwekwa glisirini.

Nikaenda mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi ninayenunua kwake vifaa vya keki. Babu yake ndiye aliyefungua duka lile, na yeye amezaliwa hapo hapo juu yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Keki. Leo harusi ya nani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba leo si harusi, nataka vanila ya kuchanganya kwenye maji ya vepu ili niachane na sigara. Niliona haya kulisema hilo mbele ya wateja wengine, lakini mzee hakushangaa. Alikwenda rafuni, akachukua chupa niliyoizoea, akavaa miwani na kusoma maandishi yake madogo, kisha akairudisha.

"Hii ina mafuta. Kwenye keki safi kabisa. Kwenye mapafu, hapana. Mafuta yakiingia mapafuni yanakuumiza." Akatafuta nyingine, akaisoma yote mpaka mwisho, akanipa. "Hii haina. Na glisirini chukua ile ya kuliwa, siyo ya kupaka."

Nikachanganya kwenye meza ya jikoni, vyombo vikiwa vimechemshwa na glavu mkononi, kwa sababu ile nikotini aliyoninunulia mdogo wangu, hata ikiwa imezimuliwa, haifai kugusa ngozi. Nilipomaliza nikanusa. Ilikuwa kali kama spiriti, na vanila ilielea juu peke yake, kana kwamba haijafahamiana na kilichobaki. Mdogo wangu aliniambia ndivyo ilivyo. Maji haya huwekwa kabatini gizani kwa wiki kadhaa mpaka yakolee. Wenye haraka huyapasha moto.

Mimi nilikuwa na haraka. Kila asubuhi kibanda cha sigara kilikuwa pale pale njiani.

Nikaweka chupa ya plastiki kwenye sufuria ya maji, nikaibandika kwenye jiko la mkaa, nikaenda kupepeta unga. Niliporudi maji yalikuwa yanatokota, chupa imepinda shingo, na ndani kulikuwa na kitu cha kahawia chenye harufu ya sukari iliyoungua. Nikamwaga vyote. Nilijikasirikia sana, kwa sababu moto ndio elimu yangu. Ninajua keki inaungua chini wakati juu bado mbichi. Ninajua chokoleti haibandikwi motoni, inawekwa juu ya mvuke mpaka ilegee yenyewe. Iweje nimesahau yote hayo kwa ajili ya kichupa?

Kwa hiyo safari ya pili nilifanya kama mpika keki. Nilichukua chupa ya kioo, nikaifunga vizuri. Nikachemsha maji, nikayapooza kwa maji ya baridi mpaka yakawa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, nikayapima kwa kiwiko. Nikayamimina kwenye hotpoti tunayowekea wali wageni wakija, nikaizamisha chupa, nikafunika na kuizungushia khanga. Maji yalipopoa niliyabadilisha. Katikati ya kazi zangu za keki nilikuwa naifunua, naitikisa chupa, nairudisha. Mwishoni niliifungua kifuniko ipumue, nikaiacha kabatini.

Mume wangu alirudi akitaka hotpoti. "Mbona imevaa khanga? Inaumwa?"

"Usiiguse," nikamwambia. "Kuna kitu kinakolea. Na kuanzia leo hiyo ni yangu, tutanunua nyingine ya wali."

Maji yale yaliingia humo yakiwa meupe, yakatoka na rangi ya chai nyepesi isiyo na maziwa. Ule ukali wa spiriti ulikuwa umeondoka. Vanila ilikuwa imeshuka na kuingia ndani, ikawa tamu na laini, kama harufu inayokupokea ukifungua oveni wakati keki ndiyo kwanza inaanza kuiva. Nilikaa uchochoroni mwangu nikavuta kidogo, nikafumba macho. Sikuiwaza sigara. Nilifurahi mpaka nikamwita mume wangu, mtu asiyevuta, aje anuse tu chupa.

Akanusa. Akanusa tena. "Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Wewe mwanamke," akasema, "kumbe una kichwa!" Na akanicheka kwa jinsi nilivyoinua kidevu.

Toka siku hiyo sikununua sigara. Kila nilipotengeneza chupa mpya nilipunguza nikotini, na kila mara joto la hotpoti lilifanya kazi yake taratibu vile vile. Chupa zilifika mahali zikawa na vanila tu, na hatimaye hata hizo nikawa nazisahau kwenye droo pamoja na mipira ya kufungia mifuko. Kifaa chenyewe sijui kiko wapi sasa.

Habari zilisambaa, nadhani kupitia mdogo wangu. Kijana mmoja mwenye duka la vepu mjini alikuja mpaka nyumbani, mstaarabu, akaniamkia vizuri. Alikuwa ameonja chupa niliyompa mdogo wangu. Alitaka nimtengenezee nyingi, aziuze kwa jina langu.

"Mama, wateja wangu watazipenda mno. Hasa wanafunzi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonisaidia kujibu. "Hapana, mwanangu. Hii niliitengeneza ili nitoke. Siwezi kuitengeneza ili wao waingie." Hakukasirika. Nikamkatia kipande cha keki ya ndizi akaondoka nacho.

Najivunia kukataa kule sawa na ninavyoijivunia ile chupa ya kwanza iliyofaulu.

Juzi tulikuwa na keki ya kupeleka Mabatini, kwenye nyumba iliyo juu kabisa, ambako gari haifiki na ngazi zimechongwa kati ya mawe. Mume wangu alibeba tabaka la chini la keki, mimi nikabeba mawili ya juu. Katikati ya mlima aliweka mzigo wake kwenye jiwe, akashika kiuno.

"Ngoja kwanza, mke wangu. Mbona unakimbia?"

"Sikimbii. Natembea."

Nikaendelea. Ziwa lilikuwa linaonekana chini, na upepo wake ulikuwa unaingia kifuani mwangu wote bila kukwama popote. Mlangoni alikuwa amekaa bibi wa nyumba ile, akichambua mchele. Nikasimama mbele yake na keki yangu mikononi, nikamwambia "Shikamoo bibi" kwa sauti kamili, bila kuhema.

"Marahaba," akasema. "Karibu. Mwenzako yuko wapi?"

"Anakuja," nikamjibu. "Anapumzika kidogo."