Maganda ya Mgunga kwenye Karai la Mahamri

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya miaka ya themanini, huko Mambrui, nilipopata jibu nililokuwa nikiliombea tangu nitoke kwetu. Ngoja nikueleze nililipataje, maana hapo ndipo penye aibu yangu.

Kwetu ni Vitengeni. Nilimaliza darasa la saba, karo ya kuendelea haikuwepo, nikateremka Mambrui kwa Fundi Omari, mshona makubadhi ya ngozi. Ngozi zake aliziivisha mwenyewe. Ngozi mbichi huoza, wajua. Huivishwa kwa tanini, ule ukakasi wa mitini unaokaza ulimi kama umetafuna ndizi changa. Siku zote fundi alitumia gome la mkandaa, mti wa jamii ya mikoko. Lakini mikandaa ya karibu ilikuwa imechunwa mno, akataka kujua ni mti gani mwingine wenye ukakasi wa kutosha, uwe wa gome au wa tunda.

Kazi ya kupima akanipa mimi. Kila kitu kikaushwe, kipimwe uzito sawa, kitwangwe, kichemshwe kwa maji kiasi kimoja, kichujwe ndani ya bilauri. Kisha natia maji ya gundi ya ngozi. Ukakasi hushikana na gundi ukatuama chini kama uji, nami napima yale mashapo kwa rula ya shule. Na sharti lilikuwa moja.

"Chungu, Kazungu. Chuma kisiguse. Gome na chuma wakikutana hugombana, maji yakawa wino."

Nilikuwa kijana wa kucheka ovyo na kuota mchana. Nilitwanga huku naimba. Lakini ikinijia harufu ya moshi wa kuni, niliacha kutwanga, nikamwona mama peke yake jikoni. Nyumbani ni nyumbani, ijapokuwa pangoni. Naye fundi alikuwa ameniahidi: maganda ya mgunga, yale yenye mbegu yanayojaa kwetu, yakifikia mkandaa, atafungua mahali pa kuivishia ngozi Vitengeni, na msimamizi niwe mimi.

Basi fundi akaenda Malindi kwa wiki moja. Zamu ya mgunga ilipofika, chungu kikapasuka. Ningeweza kungoja. Nikaazima kwa jirani karai lake la mahamri, la chuma. Maji yakatoka meusi tititi, mashapo yakapanda mara mbili ya mkandaa. Mwanangu, sikusahau sharti. Nilijua. Ila moyo ukisha kutaka jambo, masikio huwa mapambo. Siku hiyo hiyo nikamtuma muuza ngozi aliyekuwa akipanda Vitengeni: mwambie mama narudi, yeye na wenzake wakusanye maganda.

Fundi aliporudi, nilimwamkia kwa furaha.

"Shikamoo, fundi! Mgunga umeshinda!"

"Marahaba. Mbona vidole vyeusi?" Akainua bilauri, akaitazama juani. "Ulichemshia wapi?"

"Chungu kilipasuka, fundi."

"Sikukuuliza kilichopasuka."

Nikasema. Hakunipigia kelele. Alileta chungu kipya, tukapima upya, yeye kakaa pembeni akitazama. Mashapo ya mgunga hayakufika hata nusu ya mkandaa. Maganda yale yalikuwa ya kuokota chini, mvua ilishayanywa ukakasi wake.

"Mti haukusema uongo," akaniambia. "Wewe ndiwe uliyeutilia maneno kinywani. Sasa nenda kwenu. Mamako mwambie kwa mdomo wako, usimtume mtu."

Nilikuta magunia ya maganda yamejaa uani, mama na wanawake wenzake wameyaokota kwenye jua kali. Na chumba changu, mwanangu, kilikuwa kimekandikwa udongo mpya, bado mbichi, alama za viganja vyake ukutani. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Shangazi yangu, mwenye ulimi, akapiga makofi.

"Haya! Mbuzi wetu watayala, wanenepe kwa ndoto za Kazungu!"

Wote wakacheka, na mama akacheka. Kisha akafuta mikono kwenye leso, akaniuliza polepole, "Kwa hiyo hurudi?"

Nilikaa siku mbili, nikateremka tena kazini. Nilipokuja kurudi Vitengeni kuishi, miaka ilikuwa imepita na mama hayupo. Mpaka leo swali lile nalisikia, na bado sina la kumjibu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Mimi guu halikuvunjika. Kilichovunjika ni tumaini la mtu mwingine, na hilo halina mganga. Basi shika haya. Ukipima jambo unalolitamani, lipime mara ya pili, na mwite asiyelitamani akusimamie. Habari njema usiitangaze kabla haijatimia, maana anayekupenda ataanza kujenga juu yake. Na ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme. Ukipata nafasi ya kwenda kwenu, nenda. Usingoje sababu kubwa.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho mbele yako, na moyo usiochoka kuota. Akurudishe kwa wakupendao wangali mlangoni. Amina.