Joto la Bure

Pale Makongeni watu walipeleka kitu kwa fundi kikiharibika. Teresiah alikifungua mwenyewe kwanza. Redio, saa ya ukutani, hata kufuli la kanisa, vyote vilikwishapitia mikononi mwake.

"Mama Jecinta, iko siku utanifungua na mimi uone kinachokoroma," mumewe, Gichuru, mfanyakazi wa reli, alizoea kumtania.

Kazi ya Teresiah ilikuwa kuuza viazi. Alipanda hadi milimani Kinangop na pikapu yake yenye kibanda cha bati nyuma, akalala humo humo, alfajiri akapakia, akarudi kuuza soko la Gikomba. Na baridi ya Kinangop mwezi wa Julai, wee, acha tu! Mara hii Gichuru alikuwa likizoni na akashikilia kwamba lazima waende pamoja, na kifua chake kile kibovu. Teresiah aliogopa baridi ingemmaliza. Ndipo akanunua hita ya dizeli kwa Hamidi, fundi wa Shauri Moyo, aliyeitoa kwenye gari la watalii lililopinduka.

Kitu cha ajabu hicho! Kijisanduku tu, kinakunywa dizeli tone kwa tone, kinavuma, kinapuliza hewa moto. Hamidi akakifunga, akatokeza bomba moja chini ya gari, akaenda zake.

Teresiah hakutulia. Akajilaza chini ya gari, akaweka kiganja mbele ya bomba. Lo! Hewa moto, na moshi hauonekani. Joto lote hili linamwagwa barabarani? Mwanamke anayechemsha maharagwe kwa makaa yaliyobaki baada ya kupika chai hawezi kuvumilia hasara ya namna hiyo. Akatoboa sakafu, akalipinda bomba, akaliingiza ndani. Alijisifu kimoyomoyo.

Jioni, kabla ya safari, akamwambia mumewe aingie kibandani ajaribu godoro la kulalia. Akawasha hita, akafunga mlango joto lisitoke, akaingia nyumbani kufunga chapati za njiani.

Alipotoka nazo alimkuta Hamidi, aliyepita kukagua kazi yake, ameinama kando ya gari.

"Mama Jecinta, bomba la chini liko wapi?"

"Nimeliingiza ndani. Wewe ulikuwa unanitupia joto bure!"

"Lahaula! Ule ni moshi wa dizeli, hata kama huuoni. Unaua! Kuna mtu ndani?"

Chapati zikaanguka. Wakafungua mlango, wakamvuta Gichuru kwa miguu mpaka nje. Mashavu yalikuwa yamemwiva kwa wekundu, shingo imelegea. Teresiah akamchapa makofi huku akimwita kwa jina lake, yeye ambaye tangu wazae alimwita Baba Jecinta tu.

"Gichuru! Gichuru, amka!"

Hamidi akampepea kwa kofia. Wakangoja. Mwishowe Gichuru akakohoa, akakohoa tena, akafumbua jicho moja na kumtazama mkewe kwa hasira.

"Mbona mnanitoa? Tangu nizaliwe sijalala vizuri namna ile."

Teresiah akaketi pale pale kwenye tope, akakipakata kichwa cha mumewe, akalia kwa sauti.