Siku Niliyoijaza Maskati Paa

Haya, mwenye kucheka na acheke sasa amalize, maana nimechoka kuisikia hadithi hii ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwapo, na kila mmoja akiipokea anaongeza chumvi yake, mpaka juzi arusini nimeambiwa eti nilizimia (sikuzimia, nilikaa chini, na kukaa chini si kuzimia). Ndiyo, ni mimi. Mimi Zuwena ndiye niliyesimama mbele ya wakubwa wa serikali, na abaya langu jipya la kushonesha, nikawathibitishia kwamba mji wa Maskati umejaa wanyama wa porini. Aibu nimeipata, sikatai. Lakini leo naisimulia mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua, au mnajifanya mnaijua. Serikali imetoa fedha za utafiti, nasi tunaifundisha kompyuta kuzitazama picha zilizopigwa kutoka angani na kutambua kilichomo, kwamba hili gari, ule mtende, yule ngamia. Mkubwa wetu, Daktari Hilal, kila akipata mgeni huanza kumhadithia kwamba jambo hili si geni, kwamba zamani huko, kabla ya kompyuta hizi, serikali zilikuwa zikiwalipa wataalamu watengeneze mitambo ya lenzi na mwanga ya kusoma picha za ndege, na mitambo yenyewe ilikuwa ikiona kivuli inadhani jengo. Akifika hapo hucheka sana, peke yake. (Angelijua kinachomsubiri, asingelicheka.)

Sasa, kompyuta haizaliwi na akili. Lazima mtu akae, afungue picha, achore kibokisi kukizunguka kitu, aandike jina lake, kisha picha nyingine, na nyingine, mpaka macho yawe mekundu kama ya mtu aliyekatakata vitunguu vya pilau ya arusi. Wakaaji hao tulikuwa wawili, mimi na Njeri. Njeri ni Mkenya, kwao Nakuru, anakaa Wadi Kabir na wenzake watatu, na kibali chake cha kuishi Oman kimefungwa na kazi hii, ikikatika kazi anapanda ndege. Tuligawana: picha za jangwani na milimani, ambako serikali inataka kuwajua wanyama wake wamebaki wangapi, zikawa zangu, na picha za mjini zikawa zake.

Likaja shauri la lugha. Kiarabu cha Njeri ni cha sokoni, na Kiingereza mimi nikikiandika kutwa nzima naumwa na kichwa. Nikasema, bibi we, sote wawili tunacho Kiswahili, tuandike Kiswahili, mwisho nitayafasiri majina yote kwa Kiarabu. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo, wa kunywea chai. Daktari Hilal alipousikia alibenua mdomo akasema kwa Kiarabu kwamba hiyo ni lugha ya jikoni. Na mama yake, nawaambieni, ni mtu wa Ng'ambo, Unguja! Akimpigia simu sote tunamsikia mpaka ukumbini, "Hilali mwanangu, umekula?" naye anajibu kwa Kiarabu kizito, kama mama anapiga simu kutoka idara nyingine. Niliudhika, nikajisemea nitamwonesha kama lugha ya jikoni haipiki.

Basi tukaandika. Gari, mtende, hema, ngamia, paa. Tulipomaliza nikaziunganisha kazi zetu mbili, nikaona majina mengi yamefanana, nikafurahi kwamba mimi mwenye asili ya Unguja na Njeri wa Nakuru tumesikilizana. Nikayafasiri. Nilipofika kwenye paa sikufikiri hata kidogo, nikaandika ghazali, yaani yule mnyama mwembamba mwenye mbio. (Mtu mzima mie, sikujiuliza mji mzima nyumba zake zimekwenda wapi, mbona neno nyumba halimo.)

Tukajaribu. Picha za jangwani, mashine ikawatoa wanyama mmoja mmoja, hata waliojificha kwenye vivuli vya miti. Za mjini tulijaribu magari na mitende tu, majina mengine nikayafunga yasionekane. Njeri akaniambia, "Madam, si tujaribu yote, tuone?" Nikamjibu sina nafasi, abaya langu liko kwa fundi. Wallahi ndivyo nilivyomjibu.

Siku yenyewe ilikuwa Alkhamisi, kwenye ukumbi wa hoteli moja mtaa wa Qurum, na wageni wametoka katika wizara, na makanzu yamepigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Mgeni wa heshima ni mzee mmoja mkubwa serikalini, na joho lake na khanjari yake kiunoni, tangu kufika hajazungumza ila Kiarabu, tena cha mtu asiyependa kurudia neno. Mimi nimebanwa kipaza sauti kidogo kwenye sheila, mtandio wangu wa kichwani. Njeri yuko mwisho wa ukumbi kwenye kompyuta. Daktari Hilal akasimulia mitambo yake ya zamani, akacheka, kisha akanipisha.

Nikaanza na jangwa. Mashine ikachora vibokisi vyake, juu ya kila kimoja imeandika ghazali, na ukiikuza picha unamwona kweli mnyama amesimama. Watu wakapiga makofi. Mgeni wa heshima akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi kichwa kikavimba. Ningeliishia hapo leo ningekuwa na cheo.

Mzee akasema, "Tuonesheni hapa tulipo."

Picha ya Qurum tunayo. Nikampa Njeri ishara aifungue, na kwa sababu nimeshanogewa na makofi, nikamwambia afungue majina yote, yote, asiache hata moja.

Vibokisi vikaanza kushuka. Ghazali. Ghazali. Ghazali kando ya barabara, ghazali ufukweni, ghazali wamejipanga mistari kama wamekwenda skuli, na hoteli tuliyokaa ndani yake nayo ni ghazali, mkubwa, ana maegesho ya magari. Pembeni mashine ikawa inahesabu, na hesabu inapanda. Mimi badala ya kunyamaza nikasema, "Kama mnavyoona, mashine inaona vizuri sana," kwa sababu ndilo neno lililofuata katika hotuba niliyoihifadhi na ulimi ulishaondoka. Mzee akanyanyua kidole, taratibu, akakielekeza kwenye jumba moja lenye bustani karibu na bahari, akauliza kwa Kiarabu, "Na hii ni nini?" Mashine imeandika ghazali. Akasema, "Hii nyumba yangu."

Jasho likanishuka mgongoni mpaka kiunoni. Nikageuka kumtafuta Njeri, na hapa ndipo nilipojizika mwenyewe, kwa sababu nilisahau kwamba kipaza sauti kiko kwenye sheila. Nikadhani namnong'oneza. Ukumbi mzima ukasikia, "We Njeri! Paa uliyekuwa ukimwandika wewe ni paa gani?"

Naye, masikini, akasimama wima, akajibu kwa sauti ya mtu asiye na kosa: "Si paa ya nyumba, madam! Kwani kuna paa ingine?"

"Paa mnyama!"

"Mnyama? Lakini huyo ni swala!"

Hapo ndipo nilipojua Maskati ina Waswahili wangapi. Yale makanzu yaliyosimama yenyewe yakaanza kukunjika. Mmoja wa mbele akaficha uso kwa kilemba, wa nyuma yake akapiga paja, na kina mama wa wizara upande wa kulia wakashikana mabega, na kicheko kikatoka cha Kiunguja khasa, cha kupiga makofi na kuita "yarabi toba!" Mgeni wa heshima akatazama jumba lake kwenye skrini, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Basi, bibi, miaka yote hii mie nnalala tumboni mwa mnyama na wala sijui!"

Hapo nikakaa chini. Si kuzimia.

Mkisikia leo mnaona kichekesho, lakini mimi nilirudi nyumbani Madinat Sultan Qaboos nikajifungia chumbani, nikalia kwa hasira mpaka wanja ukafika kidevuni. Jioni ile ile video ilikuwa imeshazunguka simu zote za ukoo. Mama akanigongea mlango, "Zuwena, wewe ndiye uliyemwambia yule mzee nyumba yake paa?" Nikasema ndiye. Nikamsikia anakwenda zake na kucheka koridoni, mama yangu mzazi.

Jumapili asubuhi Daktari Hilal akatuita ofisini kwake, mimi na Njeri. Alikuwa hajanyoa. Akazungumza Kiarabu kirefu: kwamba ameaibika, kwamba lazima apeleke maelezo wizarani, na ameshajua ataandika nini, kwamba kosa limetokana na kutumia lugha isiyofaa kwa kazi ya sayansi, na kwamba mfanyakazi aliyeandika majina yale ya mjini mkataba wake unaishia mwezi huu. Njeri hakufahamu yote, lakini aliijua sauti ile. Akaninong'oneza, "Madam, ni mimi? Khalas, imeisha, naenda nyumbani?" na mkono wake umeshika ukingo wa meza.

Nikasimama. Nikamwambia, "Daktari, andika Zuwena hakujaribu picha za mjini. Andika Zuwena alikuwa kwa fundi anapimwa abaya. Andika Zuwena ana kiburi, nami nitatia saini chini, mara mbili ukitaka. Lakini Njeri hatoki. Yeye aliandika sawa. Kwao paa ni la nyumba, na aliyefasiri bila kuuliza ni mimi. Na Kiswahili usikiandike humo kuwa kosa, maana hakikukosea kitu."

Akapiga meza. "Hakikukosea? Neno moja vitu viwili, mnyama na nyumba! Lugha gani hiyo?" Hayo aliyasema kwa Kiarabu. Na mimi nikamjibu kwa Kiswahili, makusudi, polepole, "Ndiyo lugha yenyewe, daktari, ilivyo. Mtu atajuaje?"

Hapo hasira zikamshinda, na Kiarabu kikamdondoka. "Atajuaje vipi? Hata mtoto mdogo anajua! Paa la nyumba, unasema paa hili linavuja! Paa wa mwituni, unasema paa yule anakimbia! Hili na yule! La na wa! Nani aliyelelewa na mama akachanganya hayo?"

Wallahi, kama mama yake alikuwa kwenye simu. Kiswahili cha Ng'ambo, kimenyooka, kila neno na ndugu yake. Njeri akabaki mdomo wazi, kwa sababu miaka yote hakuwahi kumsikia mudiri wake, mkubwa wetu huyu, akitamka Kiswahili hata cha kuombea maji.

Nikamwacha kidogo aisikie sauti yake mwenyewe. Kisha nikasema, "Umesema wewe, daktari. Hata mtoto anajua, kwa sababu mtoto anaambiwa hili na yule. Sisi mashine tumeinyima. Tumeipa neno tupu, tukalivua kila kitu chake, kisha tukalisimamisha mbele za watu. Neno lolote ukilifanyia hivyo litaaibika."

Akakaa. Akaitazama meza. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo na bado kwa Kiswahili, "Mtarudia picha zote." Nikasema tutarudia. "Na wewe utasimama tena mbele ya watu wale wale." Hilo lilinichoma, nawaambia kweli, nilitamani ardhi inifunike, lakini nikasema nitasimama. "Na Njeri?" Akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Njeri yupo, nani amesema hayupo?"

Tukatoka. Kwenye ngazi Njeri akanikumbatia kwa nguvu mpaka sheila ikanivuka, akalia, nikalia, kisha tukarudi tukafungua picha ya kwanza. Za mjini tukaandika paa hili. Za jangwani tukaandika paa huyu. Picha baada ya picha. (Mpaka leo yeye anasema paa hii, nami nimechoka kumsahihisha, alimradi anaandika sawa.) Tukasimama tena katika ukumbi ule ule, na yule mzee alitaka nyumba yake ioneshwe kabla hata hatujasalimiana. Mashine ikamwandikia kwa Kiarabu, paa la nyumba, basi. Akasema, "Alhamdulillahi, leo nitalala kama watu."

Basi ndio mkasa wenyewe, na funzo lake mimi nimelipata: sitolitoa tena neno la Kiswahili peke yake mbele za watu bila ya ndugu zake, na sitomjibu tena mtu anayeniambia tujaribu yote kwamba nina miadi na fundi. Hayo mawili naapa. Lakini kuomba radhi kwa ajili ya lugha ya mama yangu sijaomba, na wala sitoomba, si kwa daktari, si kwa wizara, si kwa yeyote mwenye video kwenye simu yake.

Jina jipya mmeshanipa, najua, Bi Paa. Na kila arusi hapakosekani mmoja wa kunipigia ukelele kutoka upande wa pili, mbele ya watu wote, "Bi Paa! Wewe Bi Paa hili au Bi Paa huyu?"

Huyu. Huyu hapa, na sikimbii.